Laini ya nyumbani, laini ya ugenini au laini ya kidijitali: ipi imfae msafiri wa Mombasa?

Msafiri anayeondoka Mombasa, awe anapanda basi la Tanga pale Mwembe Tayari au ndege ya Dubai katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, huwa ameshashughulikia pasipoti, chanjo na fedha za kigeni kabla hajaikumbuka simu yake. Kwa hivyo suala la laini huamuliwa ugenini, mbele ya kibanda cha muuzaji mwenye haraka, huku dereva wa teksi akisubiri na watu wa nyumbani wakitaka kujua kama umefika salama. Makala haya yanalinganisha njia nne alizonazo msafiri huyo: kuendelea na laini ya Kenya kwa utaratibu wa romingi (yaani kuitumia kupitia mitandao ya nchi nyingine), kununua laini ya nchi aliyofikia, kununua kadi ya kimataifa iliyotengenezwa kwa ajili ya wasafiri, au kupakia laini ya kidijitali, yaani ile inayoandikwa eSIM katika mipangilio ya simu.

Kabla ya kuzipima njia hizo, ni lazima tutenganishe haja mbili ambazo wengi huzichanganya. Haja ya kwanza ni kupatikana, yaani mke, mteja, benki na M-Pesa wakufikie kwa nambari wanayoijua. Haja ya pili ni kupata intaneti. Ni nadra laini inayotimiza haja ya kwanza vizuri kuwa ndiyo inayotimiza ya pili kwa bei nafuu, na hasara nyingi nilizoziona, yangu ikiwemo, zilitokana na kuilazimisha laini moja ifanye kazi zote mbili.

Laini ya nyumbani ikivuka mpaka

Simu yenye laini ya Kenya inapowashwa katika nchi nyingine, mtandao wa huko huitambua kuwa ni ya kampuni ya Kenya, kisha huiuliza kampuni hiyo kama mteja huyu ni wake na kama ameruhusiwa kutumia huduma nje. Jibu likiwa ndiyo, mgeni hupokewa, na kila dakika na kila megabaiti anayotumia huandikwa katika hesabu ambayo kampuni ya kigeni huidai kampuni ya nyumbani. Ughali wa romingi hautokani na mnara, kwa kuwa mnara hauongezi gharama kwa sababu tu anayeutumia ni mgeni. Unatokana na bei ya jumla ambayo kampuni hizo mbili zimekubaliana. Katika Umoja wa Ulaya, ambako bei hiyo imewekewa kikomo cha kisheria, kwa mwaka 2025 kampuni moja haikuruhusiwa kuidai nyenzake zaidi ya yuro 1.30 kwa gigabaiti. Baina ya Kenya na nchi nyingi za mbali hakuna sheria ya namna hiyo, na ndiyo maana laini ileile huweza kukutoza kiasi cha kuvumilika katika nchi moja na kiasi cha kutisha katika nchi inayopakana nayo.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel, ambayo baadaye iliitwa Zain na sasa ni Airtel, iliwawezesha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kuvuka mipaka hiyo na kupiga simu kwa bei ya wenyeji. Kuanzia mwaka 2014, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ziliingia katika mpango wa kuifanya kanda hii kuwa mtandao mmoja, ambao uliweka kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika na kuondoa tozo ya kupokea simu. Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza, na hilo linamhusu mtu wa Pwani kuliko mtu wa Busia, kwa kuwa mpaka wetu sisi ni Lunga Lunga. Asiyetaka kushangazwa Tanga au Unguja aiulize kampuni yake bei ya Tanzania peke yake, wala asiridhike na sifa alizosikia kutoka kwa jamaa aliyekwenda Kampala. Hata asiyesafiri anaweza kuingia katika romingi bila kujua, kwa sababu mawimbi ya minara hayajui mpaka ulipochorwa, na simu iliyo karibu na mpaka huenda ikashika mnara wa upande wa pili ikiwa huo ndio wenye nguvu zaidi.

Mtego mkubwa wa laini ya nyumbani ni data. Safari moja nilishuka kwenye ndege nikiwa sijazima data, na kabla sijafika kwenye dirisha la uhamiaji, picha na video za makundi ya WhatsApp zilikuwa zimejipakua, programu mbili zimejisasisha, na salio nililokusudia linitoshe juma zima likawa limekwisha. Nilipopiga simu kulalamika nilisomewa hesabu megabaiti kwa megabaiti, nami sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo huzima data ya romingi nikiwa bado Port Reitz, kabla ndege haijaondoka.

Hata hivyo laini hiyo haipaswi kubaki nyumbani drooni. M-Pesa imefungwa kwenye laini na nambari. Benki hutuma nambari za siri za muda kwa ujumbe mfupi kwenye nambari hiyohiyo. Na kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje kwa kawaida hakutozwi. Viwanja vya ndege kadhaa vya India havikupi waifai ya bure mpaka uandike nambari ya simu na kuirudishia mashine msimbo uliotumiwa, na mtu aliyeiacha laini yake Mombasa hukwama hapohapo. Kinachotozwa, nje ya ule mpango wa kanda yetu, na ambacho wengi hawakitarajii, ni kupokea simu. Anayekupigia kutoka Majengo hulipa bei ya kawaida kana kwamba uko Majengo, na sehemu iliyobaki ya safari ya sauti hiyo mpaka ulipo unailipa wewe. Huduma ya ujumbe wa sauti nayo ni bora izimwe kabla ya safari, kwa sababu simu usiyoijibu ikielekezwa huko inaweza kuhesabiwa mara mbili, inapokuja kwako na inaporudishwa Kenya.

Vifurushi vya romingi vinavyouzwa kwa siku au kwa juma hupunguza makali sana, na kwa safari ya siku mbili au tatu mimi sioni aibu kuvipendekeza. Mkutano wa siku mbili Kigali haustahili foleni ya kununua laini. Kinachohitaji uangalifu ni orodha ya nchi zinazohusika, kwani kifurushi kilichonunuliwa kwa ajili ya Falme za Kiarabu hakina kazi wakati wa kusubiri ndege ya kuunganisha katika nchi isiyo kwenye orodha, nayo simu, ikiwa data iko wazi, itaendelea kutumia salio kwa bei ya kawaida ya romingi.

Laini ya nchi uliyofikia

Kwa anayekaa zaidi ya juma moja, laini ya wenyeji ndiyo yenye gigabaiti nyingi kwa fedha chache, na hili halina ubishi mkubwa. Tofauti iko katika usumbufu wa kuipata, ambao hutofautiana sana kati ya nchi na nchi.

Tanzania mgeni husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na mara nyingi huondoka na laini inayofanya kazi. Saudia imedai alama za vidole tangu mwaka 2016, na anayekwenda Hija au Umra hukuta vibanda vya kampuni za simu za huko, STC, Mobily na Zain, akiwa bado uwanjani Jeddah au Madina. India ni habari nyingine. Familia nyingi za hapa hupeleka wagonjwa Chennai, Mumbai au Ahmedabad, na wanaowasindikiza hukaa huko majuma kadhaa. Kwao laini ya wenyeji ni ya lazima, kwa kuwa hospitali, duka la dawa na dereva watataka nambari ya India ya kupiga. Lakini muuzaji atataka pasipoti, viza na picha, kisha laini itachukua saa kadhaa kabla ya kufunguliwa, wakati mwingine hadi kesho yake. Mgonjwa anayefika usiku hawezi kutegemea laini ambayo itaamka mchana, kwa hivyo siku ya kwanza ipangiwe njia nyingine. Japani nayo laini nyingi wanazouziwa wageni ni za data tupu, zisizo na nambari ya kupigia.

Ulaya ndiko laini ya wenyeji inakothaminika kuliko kwingine kote. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini iliyonunuliwa katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za umoja huo bila tozo ya ziada ya romingi, na mwaka 2022 utaratibu huo uliongezwa hadi mwaka 2032. Mkenya anayeshuka Paris akanunua laini Ufaransa anaweza kuendelea nayo Brussels, Milan na Berlin, ingawa kifurushi chake huweza kuwa na kiwango kidogo zaidi cha gigabaiti nje ya nchi ilikonunuliwa. Uswisi haimo katika sheria hiyo, na Uingereza ilitoka pamoja na kujitoa kwake katika umoja. Mwenye safari ya London na Paris asome kifurushi chake kwa makini.

Falme za Kiarabu zinahitaji onyo la pekee, kwa sababu ndizo nchi ambazo watu wetu huzitembelea sana na kufanya kazi. Katika mitandao ya huko ujumbe wa WhatsApp hupita, lakini simu za sauti na za video za WhatsApp huzuiwa, na wenyeji hutumia programu zilizoruhusiwa kama Botim. Anayemwahidi mamake kwamba atampigia kwa WhatsApp kila jioni kutoka Dubai atakuwa ameahidi kisichowezekana kwa laini ya huko, na ni vyema ampakilie Botim katika simu yake kabla ya kuagana naye.

Uchina, ambako laini ghali huweza kuwa bora

Mwenye duka la Biashara Street anayekwenda Guangzhou au Yiwu kutafuta bidhaa hukutana na hali inayogeuza hesabu yote niliyoeleza. Ndani ya Uchina, Facebook imezuiwa tangu mwaka 2009 na WhatsApp tangu mwaka 2017, na huduma za Google nazo hazipatikani. Laini ya wenyeji itampa intaneti ya kasi na ya bei rahisi, lakini hataweza kumtumia mshirika wake wa Mombasa picha ya kitambaa kwa WhatsApp wala kufungua barua pepe yake ya Gmail.

Data ya romingi haizuiwi hivyo, na sababu yake ni ya kiufundi. Kwa kawaida, data ya mgeni haitoki kwenye intaneti katika nchi aliyoko. Husafirishwa kwanza hadi kwenye kampuni ya nyumbani, na huko ndiko inakofunguliwa mlango wa kuingia katika dunia ya intaneti. Kwa hivyo simu iliyo Guangzhou yenye laini ya Kenya huonekana kana kwamba iko Kenya, na WhatsApp hufunguka. Kasi hupungua kidogo kwa sababu ya urefu wa njia, lakini kwa mfanyabiashara anayehitaji kutuma picha 20 na kupata jibu kabla mwenye kiwanda hajafunga ofisi, hilo si kitu. Laini iliyonunuliwa Hong Kong nayo hufanya kazi hivyo ikiingizwa bara, kwani intaneti ya Hong Kong haina vizuizi hivyo na simu itakuwa katika romingi. Wachina wenyewe watataka WeChat, ambayo hufanya kazi kwa laini yoyote, nayo ni bora ifunguliwe na kuthibitishwa ukiwa bado Mombasa.

Kadi za kimataifa za wasafiri

Kadi hizi zilikuwa na maana zaidi zamani. Ni simkadi zinazouzwa kwa ahadi ya kutumika katika nchi zaidi ya mia moja, na nyingi zina nambari ya nchi ambayo wewe huna uhusiano nayo, kama vile Estonia (+372) au Uingereza (+44). Ubora wake ni kwamba mtu anayepita nchi tano kwa juma moja habadilishi kadi, na kupokea simu katika nchi nyingi huwa bure. Kasoro yake inamwangukia anayekupigia: shangazi wa Likoni akipiga nambari ya Estonia hutozwa bei ya kupiga Estonia, hata kama wewe umekaa Zanzibar, na kwa hakika hatapiga mara ya pili. Mimi ningeipendekeza kwa mtu mwenye simu isiyokubali laini ya kidijitali na mwenye ratiba ya nchi nyingi, wala si kwa mwingine.

Laini ya kidijitali

Hapa hakuna kadi ya kushika mkononi. Unalipa mtandaoni kwa kampuni kama Airalo au Holafly, unatumiwa msimbo wa QR, unauelekezea kamera, na laini inajipakia ndani ya simu. Kwa muda mrefu kikwazo cha Mkenya kilikuwa malipo, kwani maduka hayo yanataka kadi ya benki. Tangu Juni 2022, ambapo Safaricom na Visa zilianzisha kadi ya Visa isiyoshikika inayochota fedha moja kwa moja kutoka M-Pesa, kikwazo hicho kimepungua sana.

Kikwazo kilichobaki ni simu yenyewe. Simu za iPhone zilianza kuwa na uwezo huu mwaka 2018 kwa matoleo ya XS na XR, na Samsung kwa Galaxy S20 mwaka 2020, lakini simu nyingi za bei ya kati zinazouzwa mjini hazina. Njia ya kuhakikisha ni kubonyeza *#06#: ikiwa miongoni mwa nambari zitakazojitokeza kuna iitwayo EID, yenye tarakimu 32, simu yako inakubali. Mwenye iPhone iliyotengenezwa kwa soko la Uchina bara achunguze kwa makini zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi simu hizo zilitengenezwa bila uwezo huu. Kinyume chake, iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia toleo la 14 la mwaka 2022 hazina hata tundu la kuingizia simkadi, na aliyeinunua ikiwa imeshatumika hataweza kuitumia laini ya kibandani Zanzibar.

Kwa bei, laini ya kidijitali hukaa katikati: ni rahisi kuliko romingi ya kawaida na ghali kidogo kuliko laini ya wenyeji. Nyingi ni za data pekee, hazina nambari, na jambo hili huwaudhi wanunuzi wasioelezwa mapema. Kwa upande mwingine, nyingi zenyewe ni laini za nchi ya tatu zilizo katika romingi, kwa hivyo data yake hutokea nje ya nchi uliyoko, na ikipakiwa kabla ya kufika Uchina mara nyingi huifungua WhatsApp kama laini ya nyumbani inavyofanya, kwa bei ya chini zaidi. Nasisitiza neno kabla, kwa kuwa kuipakia kunahitaji intaneti na ukurasa wa muuzaji huenda usifunguke ukiwa huko. Ukishaipakia usiifute kwa kudhani utaipakia tena, kwa maana msimbo mmoja kwa kawaida hutumika mara moja. Na neno “bila kikomo” lisomwe pamoja na maandishi madogo yaliyo chini yake, ambamo mara nyingi hutajwa kiasi cha data kwa siku ambacho kikipita, kasi hushushwa hadi WhatsApp peke yake ndiyo inayosogea.

Ukiwa na simu ya laini mbili

Karibu kila simu ya kisasa inayouzwa Mombasa ina nafasi ya laini mbili, na hiyo ndiyo silaha yetu. Laini ya Kenya ikae nafasi ya kwanza, data yake ya romingi ikiwa imezimwa, ikingoja ujumbe wa benki na simu ya dharura tu. Nafasi ya pili ichukuliwe na laini ya wenyeji au ya kidijitali, ambayo ndiyo itakayobeba intaneti yote. WhatsApp itakapoona laini mpya itakuuliza kama umebadilisha nambari. Jibu kwamba hujabadilisha, nayo itaendelea na nambari yako ya Kenya. Majina yote kwenye simu yaandikwe kwa +254 mapema, kwani 07 ya Mombasa haina maana yoyote kwa mnara wa Jeddah.

Kwa mpangilio huo, anayekwenda Chennai na mgonjwa atumie data ya kidijitali usiku wa kwanza na laini ya India kuanzia kesho yake. Wa Guangzhou atumie ya kidijitali au kifurushi cha romingi. Wa Tanga anunue laini ya Tanzania na kuihifadhi kwa safari nyingine, akikumbuka kwamba laini iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa huweza kufungwa. Baharia ana hesabu yake: mitandao ya simu iliyo ndani ya meli hupitia setilaiti, haimo katika vifurushi vya kawaida vya romingi, na dakika chache zake huweza kumeza salio lote, kwa hivyo simu iwekwe katika hali ya ndege mara meli inapoiacha Kilindini, hadi bandari inayofuata.

Anabaki mzee anayekwenda Hija na kabambe yake, yaani simu ndogo ya kawaida, ambaye hahitaji intaneti wala hataki kufundishwa simu mpya wiki moja kabla ya safari. Kwake romingi inatosha kabisa, ila ihakikishwe mapema kwamba huduma imewashwa na kwamba simu yake si ya 2G pekee, kwa sababu nchi kadhaa zimeshaanza kuizima mitandao hiyo ya zamani. Singapore iliifunga mwaka 2017. Atiwe salio la kutosha, aandikiwe kwenye karatasi nambari ya kiongozi wa kundi lake, na watu wa nyumbani wakubaliane saa maalumu ya jioni ambayo mtu mmoja tu ndiye atakayempigia, kwa dakika mbili, kwa kuwa kila simu atakayopokea huko itakatwa katika salio lake mwenyewe.